Ile video ya Simbu ilimkosesha nani pesa?

Jumapili nilikuwa Mikindani kwa mjomba. Tumepalilia mikorosho mpaka jua limekuwa kali, tumekaa kivulini, akaniambia: "Mpwa wangu, hebu nionyeshe tena yule kijana alivyompita Mjerumani." Nikatoa simu. Video haipo. Pamebaki maandishi kwamba imeondolewa kwa sababu ya hakimiliki.

Nimekasirika, na hasira haijaisha.

Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros walikimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, wakaja kuamuliwa kwenye utepe. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Huku Mtwara kulikuwa hakujapambazuka. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, cha kuonyeshea mpira, ambacho siku ya Simba na Yanga watu hubanana hadi mlangoni, kilikuwa na kufuli. Mimi niliamshwa na mlio wa WhatsApp. Shabiki aliyekuwa jukwaani amerekodi kwa simu, picha inatikisika, anapiga kelele kwa Kiswahili, "Kaza baba, kaza!", mpaka sauti inakatika na anaanza kulia. Nikalia naye. Hakuna mtangazaji mwenye kamera ishirini aliyewahi kunifikishia mbio namna ile.

Haya, waliolipia haki za matangazo wamelipa, na fedha hizo ndizo zinazoendesha mashindano. Anayeiba matangazo mubashara na kurusha mbio nzima azuiwe. Lakini sekunde ishirini za mtu aliyenunua tiketi yake, zikiwekwa baada ya mshindi kujulikana, zinamkosesha nani pesa? Mjomba hana king'amuzi. Hakuna mteja aliyepotea pale. Aliyepotea ni shahidi aliyeona kwa macho yetu na kusimulia kwa lugha yetu.

Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, mkimbiaji wetu wa marathoni John Stephen Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wameshaondoka. Dunia inamjua mpaka leo kwa sababu kulikuwa na kamera ya kumpokea. Siku zile kamera zilikuwa za wachache. Sasa iko mfukoni mwa kila shabiki, halafu masharti ya tiketi za Olimpiki ya Tokyo 2020 yalimkataza kusambaza mtandaoni video aliyoirekodi. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliwaruhusu wanamichezo kuandika blogu tangu Beijing 2008, na michezo haikuharibika.

Ndiyo, mitandaoni kuna uongo. Usiku wa robo fainali ya CHAN 2024, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nilitumiwa ujumbe kwamba Taifa Stars imesawazisha, nikaruka juu, kumbe Morocco wameshatutoa 1-0. Dawa yake ni mashahidi wengi zaidi, wa kweli.

AFCON 2027 tumepewa sisi, Kenya na Uganda. Kutoka Newala, Liwale au Kilwa, wengi hatutakanyaga uwanjani. Tutategemea simu ya ndugu aliyekata tiketi. Waandaaji waandike mapema kwenye masharti yao kwamba filimbi ya mwisho ikilia, shabiki ana ruhusa ya kutuma kipande kifupi alichokirekodi mwenyewe.

Mjomba nilimsimulia kwa mdomo, nikimchorea utepe mchangani kwa mpini wa jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ikirudi hiyo video," akasema, "uniite hata kama nimelala."