Kangomba ya Chupa Tupu

Wanafunzi wa chuo chetu hapa Mtwara hawakuwa na ugomvi wowote na mazingira. Tatizo lao lilikuwa moja tu, kwamba mazingira hayakuwa na mtihani. Klabu yetu ya mazingira ilikuwa imejaribu kila njia inayojulikana. Tulibandika mabango, tukaalika wahadhiri waje kutoa mada kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi nchi nzima, tulipita bweni kwa bweni tukigonga milango na kujibiwa na mikoromo. Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu, na ninaweza kushuhudia kwamba kwa muhula mzima majina yaliyojirudia humo yalikuwa ya mwenyekiti, mhazini, mimi mwenyewe, na mzee wa bustani, ambaye hata hivyo alikuwa akilipwa mshahara.

Basi ilipokaribia tarehe 5 Juni 2023, Siku ya Mazingira Duniani, ambayo kaulimbiu yake mwaka ule ilihusu kupambana na uchafuzi wa plastiki, mwenyekiti alikuja na wazo. Mwenyekiti wetu ni kijana wa Newala aliyesomeshwa kwa korosho tangu darasa la kwanza, na kwa imani yake hakuna kitu duniani ambacho binadamu atakikusanya kwa moyo mmoja kama hakiwekwi kwenye mizani. Akapendekeza mashindano ya kuokota chupa za plastiki kati ya pande tatu: bweni la wavulana, bweni la wasichana, na wanafunzi waliopanga mitaani, ambao sisi tunawaita watu wa geto. Washindi wangepatikana kwa kilo, na zawadi ingekuwa mbuzi mzima pamoja na mchele wa pilau.

Mhazini aliuliza kwa nini tusihesabu chupa badala ya kuzipima. Akajibiwa kwamba kuhesabu chupa mojamoja ni kazi ya mtu asiye na mitihani.

Mizani tuliiazima kwenye chama kimoja cha msingi cha ushirika, pamoja na magunia yake, bila shida yoyote, kwa kuwa mwezi Mei na Juni huku kwetu ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho na hakuna korosho ya kupimwa. Mbuzi alinunuliwa mapema, akafungwa nyuma ya ofisi ya klabu mahali ambapo kila anayekwenda maktaba angemwona. Hilo lilikuwa tangazo lililozidi mabango yetu yote.

Ni lazima niseme kwa haki kwamba mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, rambo zilikuwa zimepungua sana kwenye mitaro ya chuo, lakini chupa za maji na soda hazikuguswa na katazo lile, na zilikuwa zimejaa chini ya michongoma, nyuma ya vyoo na juu ya mapaa. Kabla wiki haijaisha hapakuwa na chupa hata moja. Watu ambao hawakuwahi kuinama kuokota kalamu yao wenyewe walionekana alfajiri wakipekua majani kwa tochi za simu. Tatizo ni kwamba chupa tupu ya nusu lita ina uzito mdogo mno. Hata ukusanye hamsini, kilo moja bado hujaipata. Chuo kizima kilipokwisha kusafishwa, kila upande ulikuwa na magunia machache yaliyovimba na mizani isiyotaka kushuka, na mbuzi alikuwa bado anawatazama.

Hapo ndipo chupa zenye kazi zilipoanza kupotea. Mhadhiri mmoja wa takwimu aliweka chupa yake ya maji mezani, akageuka kuandika mlinganyo ubaoni, na alipogeuka tena akakuta maji yake yamemiminwa kwa adabu kwenye kikombe chake cha chai, na chupa haipo. Mama anayeuza juisi ya ukwaju langoni, ambaye huosha chupa zake kwa maji ya moto na kuzianika juani zikiwa zimefunikwa kichwa chini juu ya vijiti alivyochomeka mchangani, aliingia ndani kuchukua barafu, na alipotoka akavikuta vijiti vimesimama vitupu, mstari kwa mstari. Alikuja ofisini kwetu akiwa na kijiti kimoja mkononi kama ushahidi.

"Wanangu," alituuliza, "hayo mazingira mnayoyatunza, mimi simo?"

Tulimlipa kutoka kwenye fedha za mchele.

Msomaji ambaye hakukulia kusini huenda asijue kangomba. Hao ni wachuuzi wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa, kwa bei ya kutupa, kisha wakazipeleka ghalani kana kwamba wamezivuna wenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao korosho hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ulipoanza mwaka 2007 walitafuta njia ya kupenya, na mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba, walitafutwa kwa uhakiki: mwenye mzigo mkubwa alitakiwa aonyeshe shamba lake. Ninayaeleza haya kwa sababu nusu ya wanafunzi wetu ni watoto wa wakulima wa korosho, na nusu iliyobaki, naanza kuamini, ni watoto wa kangomba.

Jioni moja nilimkuta kijana wa bweni la wavulana amesimama nje ya uzio na ndoo ya lita ishirini, akinunua chupa kwa watoto wa mtaani kwa bei ya ndoo, na ndoo yenyewe ameitoboa chini na kuichomeka kwenye gunia ili isijae haraka. Wasichana walikuwa na wakala Ligula. Watu wa geto, ambao wako mtaani muda wote, walikuwa wamekwenda mbali zaidi: walikuwa wakizileta chupa kwa bodaboda. Kwa hiyo chuo ambacho tulikianza kikiwa na uchafu wake wenyewe sasa kilikuwa kinaingiza uchafu wa manispaa nzima.

Aliyeumia ni bibi mmoja wa Magomeni ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiokota chupa na kuziuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na plastiki. Alikuja na sandarusi lake begani, akaketi kwenye ngazi ya ofisi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Hivi nyie mmefeli?"

Tukamwambia hapana, bado tunasoma.

"Mbona mmeingia kwenye kazi yangu?"

Mwenyekiti alimweleza kwa kirefu kuhusu plastiki kuoza kwa shida, kuhusu bahari, na kuhusu kasa wanaotaga kwenye fukwe za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, iliyoanzishwa mwaka 2000 si mbali na hapa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mbuzi kwa muda, akauliza ni wa nani, akaambiwa ni wa mshindi, akashukuru na kuondoka. Niliona anakwenda upande wa mabweni badala ya langoni, lakini sikulitilia maanani.

Siku ya kupima, mhazini ndiye aliyeshika mizani, kwa kuwa baba yake ni karani wa ghala huko Masasi na yeye mwenyewe alikulia juu ya magunia. Gunia la kwanza la wavulana lilisoma kilo 41. Hakuandika kitu. Alilishusha, akalipiga teke moja la wastani, akasikiliza, akaomba kisu. Juu palikuwa na chupa tupu safi. Katikati palikuwa na chupa zilizojazwa mchanga wa Shangani na kufungwa vifuniko barabara. Chini palikuwa tena na chupa tupu, maana kazi ilikuwa imefanywa na mtu mwenye uzoefu. Kiongozi wa bweni hakuyumba hata kidogo.

"Mchanga nao ni mazingira," alisema.

Magunia ya wasichana yalikuwa yakivuja. Walieleza kwamba wameziosha chupa kwa sababu za kiafya na bahati mbaya hazijakauka. Mhazini aliingiza mkono, akautoa, akaukung'uta, na kutamka kwamba unyevu umezidi kiwango na mzigo wote ni daraja la pili. Watu wa geto hawakuwa na mchanga wala maji, bali walikuwa na magunia mengi kiasi kwamba mwenyekiti aliamuru uhakiki ufanyike papo hapo na mhusika aseme ameokota wapi.

"Shamba ni la urithi," akajibu.

Uhakiki ulidai kila gunia lifunguliwe, na kila gunia lilifunguliwa. Kabla hatujamaliza, mgeni rasmi, mwalimu mstaafu anayeheshimika sana mjini, akawasili kabla ya saa aliyoalikwa, tukaacha kila kitu katikati ya uwanja wa mpira na kukimbilia kumpokea. Hapa niongeze jambo ambalo kila mvuvi wa Mikindani angetukumbusha kama tungemuuliza: mwezi Juni ni mwezi wa kusi.

Mgeni rasmi alikuwa kwenye ukurasa wa pili wa hotuba yake, akizungumzia namna taka zinavyosafiri kutoka nchi kavu hadi baharini, upepo ulipovuma. Chupa ya kwanza ilipita mbele ya meza kuu ikibiringika peke yake. Akanyamaza kuitazama. Kisha mlima mzima ukaanza kuhama kwa kishindo cha plastiki, chupa kwa maelfu zikirukaruka juu ya nyasi, chini ya viti vya wageni, kati ya miguu ya kwaya, nyingine zikikwama kwenye turubai na nyingine zikielekea langoni na kushika barabara. Zilizobaki zimetulia uwanjani ni zile za mchanga tu, na ni haki ya wavulana kutajwa kwamba mzigo wao ndio pekee ulioheshimu itifaki.

Wanafunzi walisimama wote kwa pamoja. Hawakuwa wakiokoa bahari. Kila mmoja alikuwa akikimbilia kilo zake, na kwa kuwa chupa hazina alama ya mwenyewe, walikuwa wakinyang'anyana. Wahadhiri nao waliingia uwanjani, yule wa takwimu akiwa mbele. Mama wa juisi alifunga meza yake na kukusanya kwa khanga. Mzee wa bustani alikaa kwenye kiti cha mgeni wa pili, akatulia, maana ile haikuwa saa yake ya kazi.

Mgeni rasmi alipiga makofi. Aliporudi kwenye kipaza sauti alisema amehudhuria maadhimisho mengi lakini hajawahi kuona igizo lililoeleza jambo kwa uwazi kama hili, akausifu ujasiri wa klabu kwa kumshirikisha kila mtu chuoni, na akaomba igizo hilohilo lirudiwe mwakani mbele ya viongozi wa mkoa. Mwenyekiti alisimama na kushukuru. Mimi, katika daftari la mahudhurio, niliandika: "Wote."

Lilibaki suala la mbuzi. Chupa zilikuwa zimechanganyika na mshindi asingeweza kujulikana tena, na pande tatu zilikuwa zimeanza kutajana majina ya kangomba wao hadharani, wakati bibi wa Magomeni alipotokea akiwa na mjukuu wake na kamba mpya. Ilibainika kwamba siku ile alipoondoka ofisini kwetu alipitia mabweni yote mawili, kisha kwenye mageto, na sehemu kubwa ya chupa zilizotua kwenye mizani yetu ilikuwa mali yake, aliyoikopesha kwa pande zote tatu kwa malipo ya baadaye.

"Hawa walisema watanipa mapaja," alisema kwa utulivu, akiwaonyesha watu wa geto. "Hawa wasichana wangu, mabega na mbavu. Wale, kichwa, miguu na utumbo. Ngozi hakuniahidi mtu, hiyo nitawarudishieni."

Mhazini alipiga hesabu, akapiga tena, na hakupata nyama yoyote iliyobaki. Mbuzi akaondoka na bibi, pamoja na chupa zote, ambazo alizirudia kwa mkokoteni mpaka uwanja ukabaki mtupu. Sisi tulikula wali kwa maharage, kidogo kidogo, kwa sababu ya ile fidia ya juisi.

Bweni la wavulana limekata rufaa likitaka mzigo wao upimwe upya, kwa hoja kwamba ni wao pekee ambao kilo zao zilikuwepo uwanjani hadi mwisho wa hafla. Nimewajibu kwa maandishi kwamba mizani imerudishwa ghalani na haitatoka hadi msimu ufunguliwe.