Kero Ndogo za Soka: Ipi Inakula Mchezo, Ipi Tuiache

Simba au Yanga ikija Uwanja wa Jamhuri kucheza na Dodoma Jiji, watu hutoka Bahi, Chamwino, Kongwa, hadi Manyoni mkoani Singida. Wanalipa nauli, wanalipa kiingilio, wanakaa mzunguko juani saa kadhaa kabla ya mpira kuanza ili wasikose nafasi. Mechi za namna hiyo hapa kwetu si nyingi kwa mwaka. Ndiyo maana nayachukulia kwa uzito mambo ambayo wengi huyaita madogo: kipa kujilaza wakati hajaguswa, wachezaji sita kumzingira mwamuzi, mchezaji anayebadilishwa kutembea taratibu huku akimpa mkono kila anayemkuta njiani, mpigaji faulo kuusogeza mpira mbele kila mwamuzi akigeuka. Kwa kawaida mpira huwa mchezoni chini ya dakika 60 kati ya zile 90 tunazolipia. Zilizobaki huliwa na mipira ya kurusha, kona, faulo na majeraha ya kweli, lakini sehemu yake huliwa na hila.

Ukikaa kwenye kibanda umiza Majengo au Chang'ombe utazisikia pande zote mbili za ubishi huu kwenye benchi moja. Wapo wanaosema mpira wa sasa umeharibika, zamani watu walicheza kwa heshima. Wapo wanaojibu kwamba mpira ni akili, na anayeongoza bao moja dakika ya 80 ana haki ya kuutuliza mchezo anavyojua. Mimi naona tunakosea pale tunapozihukumu kero zote kwa pamoja. Ipo inayokula muda wa mpira wenyewe, na hiyo ikomeshwe. Ipo inayotuudhi macho tu, na hiyo iachwe.

Hoja ya zamani haina mashiko. Kombe la Dunia la 1990 kule Italia lilitoa mabao 115 katika mechi 52, wastani wa chini kuliko fainali nyingine zozote. Wakati ule kipa aliruhusiwa kudaka pasi ya beki wake. Beki anarudisha, kipa anadaka, anaudundisha, anampa beki, beki anarudisha tena. Timu iliyokuwa inaongoza iliweza kumaliza dakika nzima hivyo bila kuvunja sheria yoyote. Mwaka 1992 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, ikapiga marufuku, na adhabu ikawa faulo isiyo ya moja kwa moja, yaani ambayo lazima mpira uguswe na mchezaji mwingine kabla ya kuwa bao, hapo hapo langoni. Tabia ile ilikufa upesi. Hakuna aliyewahubiria makipa uungwana. Waliacha kwa sababu kuendelea kungewagharimu bao.

Lakini ukali wa adhabu peke yake hautoshi, na mfano ni kipa huyo huyo. Kwa miaka mingi sheria ilimtaka auachie mpira ndani ya sekunde 6, la sivyo wapinzani wapewe faulo ndani ya boksi. Ni mara ngapi umeona ikitolewa? Kutoa nafasi ya bao kwa kosa la sekunde mbili tatu kuliwawia waamuzi vigumu, kwa hiyo kipa akakaa na mpira sekunde 15, hata 20, na mwamuzi akaishia kumpungia mkono afanye haraka. Kuanzia msimu wa 2025/26 IFAB ilibadili hesabu. Muda umeongezwa hadi sekunde 8, mwamuzi anainua mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho kila mtu akiona, na adhabu imeshushwa kuwa kona. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu, Juni 2025, kipa wa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Ronwen Williams, aliadhibiwa hivyo walipocheza na Ulsan ya Korea Kusini. Kona si bao, basi mwamuzi haogopi kuitoa. Lakini hakuna kocha anayetaka kumpa mpinzani kona ya bure dakika ya 88.

Hapo ndipo ninaposimamia. Adhabu ndogo ambayo mwamuzi anaweza kuitoa kila mara inafanya kazi kuliko adhabu kubwa inayobaki kitabuni. Watu wa Dodoma tunalijua hili kwa kusikiliza Bunge: mbunge hata awe na hoja nzito kiasi gani, kengele ya pili ikilia anamalizia na kukaa. Hafungiwi, hatozwi faini. Muda wake umekwisha na kila mtu amesikia.

Sasa tazama kipa anayejilaza. Sheria inasema mchezaji wa ndani, yaani yeyote asiye kipa, akitibiwa uwanjani, kwa kawaida atoke nje kwanza ndipo aruhusiwe kurudi. Kipa amesamehewa, na kwa haki kabisa, maana huwezi kuanzisha mpira goli likiwa tupu. Makocha wameuona mwanya huo. Nimeliona Jamhuri, kipindi cha pili, dakika ya sabini na kitu. Timu moja imezidiwa, krosi zinaingia moja baada ya nyingine. Benchi linainuka, kocha anamwonyesha kipa kiganja kikielekea chini. Kipa anadaka mpira mwepesi, hakuna mtu karibu naye, anakaa, anashika paja. Mwamuzi anapuliza. Kabla daktari wa timu hajafika kwenye boksi na mkoba wake, wachezaji kumi wameshafika pembeni wanakunywa maji, na kocha msaidizi amechuchumaa na ubao mdogo anahamisha namba. Daktari anapuliza dawa ya baridi chini ya goti, wakati aliyelala alishika paja. Kikao kinapokwisha, kipa naye anainuka. Mpira ukianza, timu ile imeshatoka mabeki wanne na kuwa na watano, na presha yote imepoa.

Mwamuzi wa akiba atainua kibao na kurudisha dakika tatu. Kasi ya timu iliyokuwa inashambulia haiwekwi kwenye kibao. Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu shabiki aliyetoka Kongwa alikuja kuiona kasi ile.

Utetezi wa kipa huyu nauheshimu. Timu ya mkoani haina kikosi cha Simba wala cha Yanga. Kanuni ya mabadiliko matano, iliyoanza kwa muda mwaka 2020 wakati wa Uviko na kufanywa ya kudumu 2022, imelipanua pengo hilo: mwenye benchi zito anabadilisha nusu ya wachezaji wa ndani na kuanza upya, wakati mwenzake anamwingiza kijana aliyepandishwa juzi. Katika ligi ya timu 16, pointi moja iliyolindwa kwa hila inaweza kuwa ndiyo iliyokuokoa kushuka daraja, na timu ikishuka kuna watu wanapoteza mishahara. Sisi mashabiki nasi tuseme ukweli. Timu zetu zikilinda sare ugenini Cairo au Algiers, kipa wetu akilala tunasifu ukomavu. Wageni kutoka huko wakifanya hivyo hivyo Uwanja wa Mkapa, tunasema wameua mpira.

Pamoja na hayo, utetezi huo unasahau jambo moja. Kupoteza muda ni silaha ya anayeongoza au anayeridhika na sare, na ukichukua msimu mzima, wanaoongoza mara nyingi zaidi ni wakubwa. Mwenyeji wa Jamhuri akiwa nyuma bao moja dakika ya 75, anayelala ni kipa wa mgeni. Hapo yule mnyonge tuliyesema tunamlinda ndiye anayenyimwa dakika za kusawazisha. Mnyonge ana njia nyingine: apaki basi, yaani ajaze watu golini kwake, azuie mashuti kwa kifua, abutue mpira jukwaani. Hiyo ni kazi halali, inachosha, na mshambuliaji hodari anaweza kuivunja. Kipa akilala, mshambuliaji hana la kufanya.

Dawa ya kuongeza dakika imeshajaribiwa. Kombe la Dunia la 2022 Qatar, mechi ya Uingereza na Iran ilikuwa na takriban dakika 27 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili. Nilifurahi wakati ule, na bado naona ni bora kuliko kibao cha dakika tatu za mazoea. Ila wachezaji wana hoja: Agosti 2023 Raphaël Varane, akiwa Manchester United, alilalamika hadharani kwamba walishaonya juu ya wingi wa mechi na bado wakaongezewa dakika. Na kwa mtu anayewahi basi la mwisho la kwenda Kibaigwa, dakika 12 za nyongeza maana yake ni kuondoka kabla ya mwisho. Tena dakika zenyewe huliwa kwa hila zile zile. Wazo la kusimamisha saa kila mpira unapotoka, mchezo uwe dakika 60 kamili, IFAB ililiweka mezani mwaka 2017. Kwa televisheni lingefaa. Siliungi mkono kwa sababu uzuri wa soka ni kwamba sheria ya Jamhuri ndiyo sheria ya uwanja wa vumbi Nkuhungu, na huko mwamuzi ana filimbi na saa yake ya mkononi, basi.

VAR, yaani waamuzi wanaokagua matukio kwa video, nayo ililetwa kuondoa kero, ikaja na yake. Tangu Kombe la Dunia la 2018 tumejifunza kutoshangilia. Kwenye kibanda bao likiingia, nusu ya watu wanaruka na nusu wanasema subirini kwanza, na wakati uamuzi unatoka furaha imeshapungua. Anayeitetea anasema haki ni bora kuliko furaha, nami nakubaliana naye kwa bao la kuotea la mita moja. Siwezi kukubaliana naye kwa kidole cha mguu kilichochorewa mstari kwa dakika nne. Na haki yenyewe haina uhakika: tarehe 5 Aprili 2024 kule Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba na kudunda kwenye mstari, VAR ilikuwepo, bao halikukubaliwa, na Yanga ikatolewa na Sundowns kwa penalti 3-2. Mpaka leo hakuna Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, aliyeridhika.

Kuna na tawi la VAR ambalo watu hulichukulia kama usumbufu mdogo: mwamuzi msaidizi kuchelewesha kibendera cha kuotea hadi shambulizi liishe, ili VAR ikague baadaye. Mei 2025, Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest aligonga mwamba wa goli katika shambulizi la kuotea ambalo kibendera hakikuinuliwa mapema, akaumia tumbo vibaya na kufanyiwa upasuaji. Kuotea kukiwa wazi, kibendera kiinuliwe. Hapa sioni upande wa pili.

Kumzingira mwamuzi kumeanza kupata dawa tangu Euro 2024, ambako nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kumfuata na wengine wakapewa kadi ya njano. Ligi yetu ikiisimamia kanuni hiyo kwa timu kubwa kama inavyoisimamia kwa ndogo, nitaridhika.

Zile kero nyingine ningeziacha. Viatu vya rangi mbili, nywele, kuziba mdomo kwa kiganja wakati wa kuongea, kushangilia kwa kucheza ngoma kwenye kibendera cha kona. Hata timu kukataa kuingia kwa mlango rasmi kwa kuogopa ushirikina, jambo ambalo Bodi ya Ligi imezitoza klabu faini mara nyingi. Faini zimelipwa na milango imeendelea kukwepwa, na mpira haukuchelewa hata dakika moja kwa sababu hiyo. Kinachonikera mimi ni kinyume chake: tangu 2004 mchezaji anayevua jezi kushangilia bao lazima apewe kadi ya njano, kwa furaha ya nusu dakika, wakati kipa aliyelala dakika tatu na benchi lake zima lililojua analala kwa nini hawapewi chochote.

Tuwape nini basi? Wapo wanaotaka kipa akitibiwa, mwenzake mmoja wa ndani atoke nje kwa dakika moja au mbili. Inavutia, kwa kuwa inagharimu. Lakini nakumbuka mechi ile ile ya Qatar. Kipa wa Iran, Alireza Beiranvand, aligongana kichwa na mwenzake, akajaribu kuendelea, kisha akashindwa na kutolewa kwa machela. Kipa akijua kulala kwake kunaipunguza timu mtu mmoja, siku ameumia kichwa kweli atang'ang'ania kusimama. Sitaki sheria inayomsukuma mtu afiche jeraha.

Ningemwacha kipa alale anavyotaka na kuwabana wale kumi. Daktari akiingia, wachezaji wa timu zote mbili wabaki ndani ya uwanja, maji waletewe, na kocha asiongee na yeyote hadi mpira uanze. Anayekwenda pembeni, kadi ya njano hapo hapo; kocha anayeita, naye hivyo hivyo. Aliyeumia kweli hatapoteza kitu. Kipa aliyeambiwa ajilaze atakuwa amelala bure, maana hakuna kikao kitakachofanyika.