Idhini ya Baba, Sahihi ya Jikoni

Wazazi wenzangu wa Nairobi, hii barua ya idhini ya baba, ya mtoto kusafiri nje na mama peke yake, ilituroga lini? Mama anampeleka mwanawe Johannesburg, mtoto aliyembeba miezi tisa, lakini bila kiapo cha baba anaweza kuhojiwa kama mwizi wa watoto!

Haya, mnaandika: jina, nambari ya pasipoti, tarehe za kwenda na kurudi. Baba anatia sahihi jikoni usiku, asubuhi wakili anaisukuma kando. Kiapo husainiwa mbele ya kamishna wa viapo, yule anayeapisha watu, si mbele ya sufuria! Rudia. Mahali na tarehe ya kuapa havikujazwa pale chini? Rudia. Fotokopi ya kitambulisho imetoka nyeusi tititi, baba hana macho wala pua? Rudia.

Na ole wenu cheti cha kuzaliwa kiseme Wafula, kitambulisho kiseme Wafulah. Hiyo “h” inadai kiapo chake, cha kuapa kwamba watu hao wawili ni bwana mmoja. Kiapo cha kutetea kiapo!

Je, baba akiwa kazini Doha? Aombe ruhusa kazini, apange foleni ubalozini akaape huko, kisha atume karatasi halisi, maana picha ya simu haina muhuri wa kushikika. Na tiketi ni ya Ijumaa.