Kutetea imani kwa hoja: tunachojifunza barazani kwa Mutesa

Mtume Petro aliwaagiza Wakristo wawe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yao. Andiko hilo, 1 Petro 3:15, ndilo msingi wa mafunzo ya utetezi wa imani yanayowavutia vijana wengi makanisani, na kwangu mafunzo hayo ni ya lazima. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua mihadhara ya dini: Biblia na Kurani zinafunguliwa mbele ya umati, kisha swali linatupwa, ni wapi Yesu alisema kwa kinywa chake kwamba yeye ni Mungu? Mkristo aliyelelewa kanisani bila kuisoma Injili ya Yohana kwa makini hupatwa na kigugumizi, halafu hukasirika. Ugomvi mwingi wa kidini huanzia kwenye aibu ya namna hiyo.

Wapo waumini wanaopinga. Imani, wanasema, ni kazi ya Roho Mtakatifu, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba mahubiri yake hayakuwa maneno ya hekima yenye kushawishi akili za watu. Ni hoja nzito, tena inawafaa sana walevi wa mabishano. Lakini ni Paulo huyohuyo aliyehojiana na watu wa Thesalonike sabato tatu, kisha akasimama Areopago mjini Athene na kuwanukulia Wagiriki maneno ya washairi wao.

Nionavyo mimi, la kuulizwa ni hili: hoja inatolewa ili imsaidie nani? Hapo nawakumbuka watu wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo.

Mwaka 1879 Alexander Mackay, Mskoti aliyetumwa na shirika la kimisionari la Waanglikana, alikuwa akiongoza ibada mbele ya Kabaka, yaani mfalme, Mutesa. Padre Siméon Lourdel, Mkatoliki Mfaransa aliyekuwa amefika mwaka huohuo, alikataa kushiriki, na alipoulizwa sababu akasema wazi kwamba dini ile si ya kweli. Wakabishana mbele ya baraza zima. Wote wawili walikuwa wasomi, na kila mmoja aliamini anaitetea kweli. Mutesa, ambaye tayari alikuwa ameufahamu Uislamu kupitia wafanyabiashara wa pwani, akauliza kama kila taifa la wazungu lina dini yake, na yeye atajuaje iliyo ya haki. Alifariki mwaka 1884 bila kubatizwa.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hoja zilishindwa kabisa Buganda. Nje ya baraza, vijana wa ikulu walikuwa wakijifunza kusoma, wengine kwa vitabu vya Kiswahili, wakiuliza maswali na kurudi tena kuuliza. Waliitwa wasomaji. Hakuna aliyewashangilia, wala hapakuwa na mpinzani wa kuaibishwa. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mrithi wa Mutesa, Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana siku moja. Nani atasema imani ya vijana wale ilikuwa ya kuambiwa tu? Walikuwa wameipima, na walijua wanachokifia.

Miaka sita baadaye, Januari 1892, waumini wa madhehebu hayohayo mawili walipigana kwa bunduki Mengo, makao makuu ya Kabaka, na Waanglikana, yaani Waprotestanti, wakashinda kwa msaada wa Kapteni Lugard, Mwingereza, na bunduki yake ya rashasha aina ya Maxim. Sisemi mabishano ya 1879 ndiyo yaliyoleta vita. Vyeo, ardhi na tamaa za mataifa ya Ulaya vilikuwa na nguvu zaidi. Ila watu walikuwa wamezoea kuitazama dini kama kambi, na mwenye kambi hutafuta kushinda.

Ndiyo maana nina mashaka na mafunzo yanayompa kijana majibu ya kukariri: akiulizwa hili, jibu hivi. Majibu hayo yanamfaa jukwaani. Hayamsaidii anapokaa na rafiki aliyefiwa na mtoto, au na mwanafunzi mwenzake anayesema Ukristo ni dini ya mzungu. Huyo wa pili atatajiwa haraka Augustino, mwalimu mkuu wa kanisa la kale aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, na mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, aliyeupokea Ukristo. Ni kweli tupu, lakini muulizaji alikuwa anauliza jinsi dini ilivyomfikia babu yake. Kumjibu kunadai kuitaja Mengo na Maxim bila kuficha, na kukiri kwamba katika hilo analalamika kwa haki. Baada ya hapo ndipo atakuwa tayari kusikia habari za Namugongo. Petro aliongeza kwamba tujibu kwa upole na kwa hofu, na mwalimu wa utetezi angefanya vyema kulitengea agizo hilo muda uleule anaoupa ushahidi wa ufufuo.