Pentium 4 bado ina kazi, XP ndiyo haina

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza mpaka lini nitahangaika na vyuma chakavu. Alikuwa ameiona kompyuta niliyoiweka chini ya kaunta ya mzee mmoja muuza vifaa vya ujenzi, karibu na soko la Kadutu hapa Bukavu. Ni mashine ya chipu ya Pentium 4, ya 2004, iliyotoka kwenye ofisi fulani ya Ulaya: sanduku la kijivu, kibodi ya Kibelgiji, na feni inayolia kama mbuzi aliyefungwa mvuani.

Nilimjibu kwamba mitambo ya umeme wa maji ya Ruzizi I ilianza kutupatia umeme mwishoni mwa miaka ya 1950 na sijasikia mtu akiiita chuma chakavu. Kinachozeeka vibaya kwenye kompyuta ni programu.

Mzee hakutaka makubwa. Alitaka bei za saruji, mabati na misumari zionekane kwenye simu za vijana wake, waache kupigiana kelele kutoka stoo hadi kaunta. Mashine ilikuja na Windows XP Professional, na mtu alikuwa tayari ameiwasha seva ya wavuti iliyomo ndani yake, IIS, yaani programu inayozipelekea simu kurasa. Seva hiyo inapokea miunganisho 10 tu kwa mara moja, na simu moja ikifungua ukurasa wenye picha hujichukulia kadhaa peke yake. Hilo ningelivumilia. Lakini Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, na WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, ilipozagaa Mei 2017 ikabidi itoe kiraka cha dharura kwa mfumo iliokwisha kuuzika kaburini. Na mzee alikuwa na mpango wa kuichomeka intaneti!

Nilipoanza kuifuta, alinisimamisha. "Mtoto wangu, hii mashine iko muzima, unaifuta juu ya nini?"

"Papa, mwili ni mzima. Naibadilisha roho tu."

Nilisakinisha Debian 12, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, toleo la biti 32 la mashine za zamani kama hii, bila madirisha wala mapambo, kisha nginx, seva nyingine ya wavuti. Igor Sysoev aliitoa nginx kwa umma mwaka huohuo wa 2004, kwa hiyo programu na mashine ni marika. Kumbukumbu ni megabaiti 512, na kwa kurasa za maandishi na picha chache sijaiona ikitoka jasho. Ruta inagawa Wi-Fi dukani tu. Nje haitoki kitu. Najua Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Siku ya kuhama ikifika nitajaribu NetBSD, mfumo mwingine wa bure, ambao bado inawapokea wazee hawa.

Kilichonitoa jasho kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati. Jumatatu moja nilibeba mtandao wa simu yangu kwenda kusasisha mfumo, Debian ikakataa: eti orodha ya vifurushi vya programu bado haijaanza kuwa halali. Nilizunguka saa nzima nikilaumu mtandao, ndipo nikaitazama tarehe. Mashine ilidhani tuko miaka ya nyuma. Betri ya saa kwenye ubao mkuu, ile CR2032 bapa, ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika mashine ilisahau mwaka. Nilinunua nyingine kwa fundi wa saa za mkono sokoni. Ukipokea kompyuta ya mtumba, anza na betri hiyo.

Kijana wangu ana haki mahali pamoja: umeme. Nilipoipima, ilikula wati 80 hivi, karibu uniti mbili ikiwashwa saa 24. Laptopu ya zamani hutosheka na wati 25 na ina betri yake, kwa hiyo anayetegemea paneli ya jua aitafute hiyo. Mzee yeye huzima akifunga duka. Mchana nimetegemea mpangilio ambao kompyuta nyingi za ofisi zinao kwenye BIOS, programu ndogo ya ubao mkuu inayoiamsha mashine: umeme ukirudi, mashine ijiwashe yenyewe.

Jumamosi nilikuwepo umeme ulipokatika. Papo hapo stoo ikaanza: "Papa, misumari ya inchi nne ni bei gani?" Akajibu kwa kelele, kama zamani. Baada ya dakika arobaini hivi taa ikawaka, na chini ya kaunta mbuzi akaanza kulia. Mzee hakuinua hata kichwa kutoka kwenye noti alizokuwa akihesabu.

"Imeamka," akasema. "Angalieni kwa simu."