Barua ya mkono: ipi tuiache, ipi tuitunze

Machi 2025 PostNord, shirika la posta la Denmark na Sweden, lilitangaza kwamba mwisho wa mwaka huo lingeacha kusambaza barua nchini Denmark, kazi ambayo posta ya nchi hiyo ilikuwa imeifanya kwa miaka 400. Barua zilikuwa zimepungua mno. Huku kwetu hakukuhitajika tangazo; simu ilipoingia, barua ilijiondokea yenyewe.

Wanaosema iende zake wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Wengi hawakuwa na sanduku la posta, hivyo barua ilipitia S.L.P. ya shule au ya kanisa, jina likasomwa mbele ya watu, na bahasha ikapita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Mama asiyejua kusoma alisomewa mambo ya ndoa yake na mtoto wa darasa la tano. Habari ya msiba ilifika matanga yameshaanuliwa. Leo bibi ambaye hajawahi kushika kalamu anamtumia mjukuu wake aliyeko Muscat ujumbe wa sauti, na mjukuu anamsikia anavyocheka. Hapo barua imeshindwa, tena vibaya.

Watetezi wa barua hujibu kwamba ujumbe wa simu ni maneno ya kunakili tu. Sikubaliani nao. Barua zetu nazo zilijaa maneno ya kuazimana: "Natumaini u mzima wa afya, kwa upande wangu sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Nusu ya ukurasa iliisha kabla mtu hajasema lililomfanya aandike.

Nguvu ya barua iko kwenye mwandiko, na kwenye kudumu. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu mwaka 1711, miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyosalia. Zilihusu mambo ya wakati huo kati ya watu wa Kilwa na Wareno, na hadi leo zinasomeka. Karatasi nayo ina adui zake, mchwa na mvua, lakini simu ikiibiwa kwenye daladala, mazungumzo ya miaka yanaweza kwenda siku moja.

Kwa habari za kila siku, basi, simu inatosha. Kwenye shukrani ndipo ninaposhika kalamu. Tazama harusi zetu: kamati humpigia kila mtu kwa jina lake kumkumbusha ahadi ya mchango. Sherehe ikiisha, grupu la WhatsApp hupokea ujumbe mmoja: "Familia inatoa shukrani za dhati kwa wote, si rahisi kumtaja kila mmoja." Siku mbili baadaye grupu limefungwa. Tuliweza kumtaja kila mmoja tulipokuwa tunaomba.

Najua kuwaandikia wachangiaji 300 ni mzigo ambao familia iliyotoka kwenye gharama haiuwezi. Tena mila zetu zina shukrani bora kuliko karatasi: mtu huenda mwenyewe, akaketi, akashukuru kwa kinywa. Shangazi anayekaa mtaa wa pili ukimpelekea kikaratasi ataona umemkwepa, na atakuwa na haki.

Karatasi iende kwa wale tusioweza kuwafikia kwa miguu, na kwanza kabisa kwa wale wasiokuwamo kwenye daftari la michango: aliyekesha na mgonjwa wetu hospitalini, muuguzi aliyetueleza ugonjwa kwa upole, mwalimu aliyembakiza mtoto jioni akamfundisha bure. Mistari mitatu inatosha: alichofanya, kilitusaidia vipi, na jina lake limeandikwa kamili kwa mkono.