Ripoti ya ufadhili: aandike alichopata au kilichomshinda?

Mwanafunzi amepata ufadhili wa kwenda kufanya utafiti nje ya nchi kwa wiki kumi. Mbili za mwanzo zinaliwa na vibali na mafunzo ya usalama wa maabara. Wiki ya tano mashine inaharibika. Data zinaanza kueleweka zikiwa zimebaki siku tatu apande ndege. Akirudi anakuta fomu ya mfadhili, na katikati yake kisanduku: "Matokeo yaliyopatikana."

Wengi hukijaza kwa kile wanachodhani mfadhili anataka kukisikia. Mimi niliwahi kuandika kwamba utafiti wangu "umeweka msingi imara wa kazi zijazo". Maana yake ilikuwa sikupata kitu.

Hata hivyo, wanaoidai ripoti hawakosi hoja. Fedha hizo zina wenyewe. Mpango wa Fulbright wa kufadhili masomo na utafiti, ulioanzishwa Marekani mwaka 1946, ulianza kwa fedha za kuuza mali za vita zilizobaki ng'ambo, yaani mali ya umma. Na umma ukitoa, una haki ya kuuliza. Tena kuandika humlazimisha mtu apange alichokiona. Atakayemfuata naye huokoka: anajua mapema kwamba ile mashine ina foleni.

Tatizo ni muda na swali lenyewe. Wiki kumi hazitoshi kwa tafiti nyingi, na kinachoulizwa ni mafanikio. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Rosenthal alilipa jina tatizo la droo: tafiti zisizoonyesha kitu hufungiwa mezani, zenye kuonyesha huchapishwa, na msomaji anabaki na picha iliyopinda. Fomu ya ufadhili humfundisha mwanafunzi kuitumia droo hiyo kabla hajaandika hata makala moja. Zaidi ya hayo, data mara nyingi si zake peke yake. Ni za mradi wa msimamizi aliyempokea, na kuzianika mapema kunaweza kuharibu uchapishaji, hata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi.

Hapo namkumbuka Albert Michelson. Mwaka 1881 alikuwa ofisa kijana wa jeshi la majini la Marekani, yuko likizo ya masomo Ujerumani, na chombo chake kimelipiwa na Alexander Graham Bell. Alitaka kupima mwendo wa dunia ndani ya etha, kitu ambacho wanafizikia waliamini kinabeba mwanga. Berlin ilimshinda kwa mitikisiko ya jiji, akahamia Potsdam. Huko nako, akaandika, mtu akikanyaga sakafu ya mawe kwa kishindo umbali wa mita 100 hivi, mistari ya mwanga aliyoitegemea kupimia ilitoweka kabisa. Na mwendo aliokuwa akiutafuta hakuuona. Akalichapisha hilo waziwazi. Baadaye ikagundulika kwamba hesabu yake ilikuwa na kosa. Akarudia jaribio pamoja na Edward Morley mwaka 1887, jibu likawa lilelile.

Kwenye kisanduku cha "matokeo" angeandika nini? Lakini ni habari za mitikisiko na kishindo zilizowawezesha wengine kuipima kazi yake, na yeye mwenyewe kuirudia vizuri zaidi.

Nisieleweke vibaya. Si kila aliyerudi mikono mitupu ni Michelson. Wapo waliolala tu, na ruhusa ya kuripoti kushindwa ingewapa shuka la kujifunikia. Ila mvivu hujulikana kwa uchache wa tarehe. Aliyefanya kazi ana daftari la maabara: siku gani alibadilisha kipimo, kwa nini, nini kikafuata. Mfadhili akiomba kurasa tatu za daftari hilo, atajua mengi kuliko katika aya kumi za shukrani.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa ripoti, si upande wa kisanduku kile. Ya kwanza iwe ukurasa mmoja mara baada ya safari, msimamizi mwenyeji akiisoma kwanza. Ya pili ije mwaka mmoja baadaye, wakati data zimeshachambuliwa. Na pale palipoandikwa "Matokeo yaliyopatikana" paulizwe: "Ni nini kilikukwamisha, na ungekijua kabla ya kusafiri ungefanya nini?" Mimi ningejibu kwa mstari mmoja: ningeulizia zamu ya mashine kabla ya kukata tiketi.